Kilo za Remorke na Nguvu ya Pikapu: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kutoka Mjini

Hotuba kwa mashoferi, mafundi na wenye remorke, Lubumbashi

Wababa na wamama, ndugu mashoferi, ndugu mafundi, jambo yenu wote. Aksanti kwa kuiacha kazi ya asubuhi na kuja kutusikiliza.

Kila mwenye pikapu mjini hapa ana namba moja kichwani. Ukimwuliza gari lake linavuta kilo ngapi, anakujibu bila kusita: tani tatu na nusu. Ameisoma kwenye tangazo au ameipata kwa aliyemuuzia gari. Namba yenyewe si ya uongo. Land Cruiser 79 kiwandani imeandikiwa kilo 3,500 kwa remorke (yaani trela) yenye freni zake. Ila hiyo ni dari. Ni uzito wa mwisho kabisa, kwa gari ambalo halijabebeshwa kitu cha maana. Mtu akijaza watu, magunia na bidoni za mazuti (dizeli) nyuma, dari inashuka. Leo tunataka muone inashuka kwa kiasi gani, na namna ya kuihesabu ninyi wenyewe kwa kalamu na mizani.

Tuanzie mbali kidogo, Marekani, ambako kuvuta karavani, ile nyumba ya magurudumu, nyuma ya pikapu ni jambo la familia nyingi. Zamani kila kiwanda kilipima nguvu ya gari kwa njia yake, na kila kimoja kilitaka namba yake iwe kubwa kuliko ya jirani. Wahandisi wakaandika kipimo kimoja kinachoitwa SAE J2807. Gari na remorke hupandishwa mlima wa Davis Dam huko Arizona, karibu kilomita 18 za kupanda, joto likiwa nyuzi 38 au zaidi, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho, na kasi haitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni jaribio gumu na la haki. Lakini hesabuni watu waliomo ndani: shoferi na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68. Wawili tu. Sasa semeni ninyi, ni pikapu gani inatoka Ruashi hapa mjini kwenda Likasi ikiwa na watu wawili na sanduku la nyuma tupu?

Kwa hiyo tuliache tangazo, twende kwenye kibao cha gari. Fungua mlango wa mbele, tazama kwenye nguzo ya mlango, au inua boneti. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya yana kibao chenye mistari minne ya kilo. Mstari wa kwanza ni uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa na kila kitu ndani, ule ambao karatasi za Kifaransa huuita PTAC. Wa pili ni uzito wa juu wa gari na remorke kwa pamoja, PTRA. Wa tatu ni mzigo wa juu wa ekseli ya mbele, wa nne ni wa ekseli ya nyuma. Mistari hii minne ndiyo sheria ya gari lako. Magari mengi yanayotufikia yalitengenezwa kwa soko la Japan, na kibao chake mara nyingi kina namba ya modeli, ya injini na ya chasisi, bila kilo. Mwenye gari la namna hiyo atafute kitabu cha modeli ileile yenye injini ileile na chasisi ileile. Asichukue namba za modeli inayofanana kwa sura. Hilux mbili zinaweza kuwa na uso mmoja na zikapishana nusu tani kwenye PTRA.

Tuchukue mfano wa pikapu ya milango minne ambayo kibao chake kinasema 3,000, halafu 5,500, halafu 1,400 mbele na 1,650 nyuma. Ikiwa tupu ina kilo 2,050. Hapo utasikia watu wakisema, nina kilo 950 za kubeba. Sawa, tuanze kuzitumia. Watu watano wa kilo 75 ni 375, zimebaki 575. Bampa la chuma mbele na vyuma vya sandukuni ni 120, zimebaki 455. Chuma cha kuvutia kilichofungwa chini ya chasisi ni 30, zimebaki 425. Tairi la pili la akiba ni 35, bidoni mbili za lita 20 za mazuti ni karibu 36, sanduku la funguo na jeki ni 40. Zimebaki 314. Hatujaweka gunia hata moja.

Sasa tundika remorke ya kilo 3,500, ile ya tangazo. Remorke haikai nyuma ya gari kama jirani. Inaegemea. Sehemu ya uzito wake, kupitia mkono wa mbele unaoiunganisha na gari, inakaa juu ya lile tufe la chuma ambalo wengi wetu tunaliita bule, na uzito huo wa mkono unahesabiwa kuwa mzigo wa pikapu. Kwa asilimia 10 tu, ni kilo 350. Wewe umebakiwa na 314. Umeshapita PTAC na sanduku halina kitu. Halafu njoo kwenye mstari wa pili: 5,500 ukitoa 3,000 inabaki 2,500. Pikapu iliyojaa, kwa kibao chake yenyewe, ina haki ya kuvuta kilo 2,500. Zile 3,500 zimekwenda wapi? Umezikalia, wewe na abiria wako na vyuma vyako.

Turudi kwenye uzito huo wa mkono, kwa sababu ndipo remorke nyingi zinapoharibikia, na ndipo watu wanapodharau zaidi.

Mkono ukiwa mwepesi mno, maana yake mzigo umekaa nyuma ya ekseli ya remorke. Remorke ya namna hiyo inatikisa mkia. Ikisukumwa kidogo na upepo au na shimo, inakwenda kushoto, inarudi kulia kwa nguvu zaidi, inarudi tena kushoto, na kila mara inapanuka. Kwa kilomita 50 kwa saa huoni kitu. Kwa 80 au 90 inaamka ghafla, na ikishaamka ina nguvu ya kugeuza pikapu. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, ile ya mpakani, kuna kichocheo kingine: lori la shaba likikupita, hewa inayosukumwa na kichwa chake inapiga ubavu wa remorke, halafu hewa inayofuata mkia wake inaivuta. Karavani, kwa kuwa ni ndefu na bapa kama ukuta, inapigwa kuliko remorke ya mchanga yenye uzito uleule.

Mkono ukiwa mzito mno, tatizo linahamia kwenye pikapu. Bule iko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo inafanya kazi kama mtaimbo. Kwenye Hilux ya kizazi cha sasa umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.085. Tuseme bule iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 190 zikikaa juu ya bule, ekseli ya nyuma haiongezewi 190. Inaongezewa karibu 264, na ile ya mbele inapungukiwa 74. Kilo 74 zinazotoka mbele ni uzito wa mtu mzima aliyekuwa anakandamiza magurudumu ya kupinda na freni zinazofanya kazi kubwa. Usukani unakuwa laini mikononi, taa zinawamulika wanaokuja machoni, na kwenye udongo mwekundu uliolowa gari linakwenda moja kwa moja wakati wewe umeshapinda.

Kwa karavani, Wamarekani wanataka mkono uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa remorke. Ulaya wanakubali hata chini ya hapo, lakini remorke zao zimetengenezwa na kupangwa kwa hesabu hiyo, na nyingi zina kifaa cha kubana bule ili mkia usicheze. Kwa remorke zinazochomelewa hapa mjini, zisizo na kifaa hicho, sisi tunasema lengeni asilimia 10 na msiruhusu kushuka chini ya 7. Kisha tazameni kibao cha chuma cha kuvutia chenyewe: kina kilo zake za juu, na zikiwa ndogo kuliko hesabu yenu, zinazotawala ni zile ndogo. Hapo hutoi mzigo kwenye mkono na kuupeleka nyuma ya remorke. Unapunguza mzigo wa remorke yote.

Kuupima uzito huu hakuhitaji mashine. Mizani ya bafuni inayofika kilo 120 inatosha, ukiwa na ubao. Chukua ubao mnene wenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Upande mmoja uweke juu ya tofali na kipande cha bomba ili uegemee kwenye mstari mmoja. Upande wa pili uweke juu ya mizani, na bomba lingine katikati yao. Pima kati ya mabomba hayo mawili: iwe sentimita 120 kamili. Rudisha mizani kwenye sifuri ubao ukiwa juu yake. Kisha shusha mguu wa mkono wa remorke juu ya ubao, sentimita 30 kutoka bomba la kwenye tofali. Mizani itaonyesha robo ya uzito, kwa hiyo zidisha kwa nne. Ikisoma 47, mkono una kilo 188. Remorke iwe imesimama sawa na ardhi, kimo kilekile kama imefungwa kwenye pikapu, na magurudumu yake yamewekewa mawe mbele na nyuma. Ukipima ikiwa imeinama, umepima kitu kingine.

Uzito wote wa remorke unahitaji mizani ya magari. Lipeni, ni pesa inayorudi. Pimeni mara mbili, siku moja, na mzigo uleule. Kwanza pikapu peke yake na watu wake: ekseli ya mbele juu ya mizani, andika, ekseli ya nyuma, andika. Kisha fungeni remorke mrudi: ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, ekseli ya remorke. Watu wasishuke kati ya kipimo na kipimo.

Tuone hesabu hiyo kwa pikapu yetu ya mfano. Peke yake, ikiwa na watu wanne, vyuma na zana, mbele ni 1,180 na nyuma 1,420, jumla 2,600. Ikiwa na remorke, mbele ni 1,110, nyuma 1,680, na ekseli ya remorke 1,710. Jumla ya vyote ni 4,500. PTRA ni 5,500, tumebakiwa na tani nzima. Pikapu sasa ina 2,790, na PTAC ni 3,000, tumebakiwa na 210. Uzito wa mkono ni 2,790 ukitoa 2,600, yaani 190. Remorke yote ni 1,710 na 190, yaani 1,900, na 190 ni asilimia 10 kamili. Kila kitu kizuri. Shoferi anakunja karatasi na kuiweka mfukoni.

Asiikunje. Mstari wa nne wa kibao unasema 1,650, na ekseli ya nyuma ina 1,680. Gari ambalo limebakiwa na tani nzima kwenye PTRA limepita kipimo chake nyuma kwa kilo 30. Hilo ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote, na halionekani kwa macho, wala haliwezi kujulikana kwa kusoma tangazo. Dawa yake hapa ni ndogo: kilo 60 za zana zilizo sandukuni, juu ya ekseli ya nyuma, zihamie kwenye remorke juu ya ekseli yake. Nyuma inashuka hadi 1,620, remorke inakuwa 1,960, mkono unabaki 190. Mmemaliza. Lakini mngejuaje bila kupima ekseli kwa ekseli?

Hapa ndipo mtu anaposema, mimi nitaongeza majani ya resori (springi). Ndugu mafundi, tunawaomba kwa moyo wote msimwambie mteja kwamba resori mpya zimeongeza uzito wa kubeba. Resori zinainua mkia wa gari, basi. Ekseli ni ileile, beringi zilezile, freni zilezile, tairi zilezile, chasisi ileile. Gari lililokuwa linakuonya kwa kuinama sasa linasimama wima na kukuficha. Mifuko ya hewa inayowekwa juu ya ekseli ina hatari yake zaidi kwenye pikapu za milango minne: inakusanya nguvu yote kwenye sehemu moja ya chasisi, bule nyuma inakandamiza chini, mfuko unasukuma juu, na chasisi inapinda nyuma tu ya kabini. Dalili ya kwanza ni nafasi kati ya kabini na sanduku: ikiwa pana juu kuliko chini, au pana kuliko ilivyokuwa, gari limeshaanza kukunjika.

Sasa mizigo yenyewe. Unga wa mahindi ni rahisi, mifuko ya kilo 25, arobaini ni tani. Saruji ni mifuko ishirini kwa tani. Makala, yaani makaa, pimeni gunia moja kisha mzidishe, na mkumbuke kuwa gunia lililonyeshewa njiani si gunia mlilopakia. Maji ni kilo moja kwa lita: lile tangi la plastiki la lita 1,000 lililo ndani ya kizimba cha chuma lina tani moja ya maji na karibu kilo 60 zake lenyewe. Likiwa nusu ni baya kuliko likiwa limejaa, kwa sababu maji yanakimbilia mbele ukikanyaga freni na kurudi nyuma ukiondoka, na mkono wa remorke unabadilika uzito kila sekunde. Jazeni kabisa au mwageni kabisa.

Mchanga ndio unaodanganya kuliko vyote, kwa kuwa sanduku linaonekana dogo. Chukua remorke ya ekseli moja, ndani mita 2.4 kwa 1.4, kuta sentimita 40. Ikijaa ni mita za ujazo 1.34. Mchanga mkavu una kilo 1,500 hadi 1,600 kwa mita ya ujazo, basi umebeba tani mbili na zaidi kabla ya kuhesabu remorke yenyewe, ambayo ina kilo 400. Mchanga uliolowa unafika 1,900, na mzigo unakuwa tani mbili na nusu. Tazama sasa ubavu wa tairi. Tairi ya remorke 195R14C yenye namba 106 inabeba kilo 950, mbili ni 1,900. Tairi za taksi zenye namba 88 zinabeba 560, mbili ni 1,120, na hizo ndizo zinazofungwa kwenye remorke nyingi. Mwenye sanduku la kipimo hiki apige mstari wa rangi ndani, sentimita 25 kutoka chini. Mchanga mkavu hadi hapo ni kilo 1,300, uliolowa ni 1,600, na ukiongeza 400 za remorke, sehemu moja ikiegemea bule, tairi za 106 zinamudu. Zile za 88 hazimudu hata mstari huo. Tusipoteze maneno mengi juu ya upepo wa tairi: 195R14C iliyobeba mzigo kamili inataka bari 4.5, na tairi ambayo tarakimu nne za mwisho za tarehe yake zinasoma 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016, imezeeka, itoeni hata kama meno yake bado marefu.

Wanaovuta karavani, iwe ya kambi ya wanajiolojia au ya familia inayokwenda hifadhi ya Kundelungu, wajihadhari na kilo zilizoandikwa kuwa uzito wa tupu. Mara nyingi hazina maji, gesi wala betri. Tangi la lita 100, mitungi miwili ya gesi ya kilo 9, betri ya asidi yenye kilo 25 au zaidi, jenereta, vitanda, sufuria, chakula cha wiki: kilo 300 hadi 400 zinaingia bila mtu kusema amepakia mzigo. Karavani iliyoandikwa 1,450 tupu na 1,900 ya juu ifanyiwe hesabu kwa 1,900 siku zote. Na mtazame tangi la maji liko wapi. Likiwa nyuma ya ekseli, kulijaza kunapunguza uzito wa mkono. Likiwa mbele, kunauongeza. Mtu anaweza kutoka nyumbani salama, akajaza maji njiani, na remorke ikaanza kutikisa mkia.

Injini nayo ina hesabu yake. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kimo, kwa hiyo ile 1HZ ya Land Cruiser, ya lita 4.2, tunayoipenda kwa ugumu wake inafanya kazi hapa ikiwa imepungukiwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Yenye turbo inajitetea vizuri zaidi, ila inalipa kwa joto. Msafara wetu wa pikapu na remorke, kilo 4,500, kwenye mlima wa asilimia 8 unavutwa nyuma kwa nguvu ya kilo 360, na katika joto la Oktoba rejeta iliyojaa vumbi haitavumilia. Ioshwe kutoka ndani kwenda nje, maji ya nguvu ndogo. Gia otomatiki isiachwe kwenye gia ya mwisho ikihangaika kupanda na kushuka. Mrudishe gia moja chini, mafuta ya gia yapoe. Kwa ujumla sisi tunashauri kuishi kwenye asilimia 80 ya namba mliyoipata baada ya kutoa kila kitu. Hilo halimo kwenye kibao. Ni kwa sababu ya mashimo, ambayo gurudumu likiyaangukia mzigo wa ekseli unapanda kwa kitambo kidogo kupita kilo za mizani.

Freni. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya barabara unaita remorke nyepesi ile isiyozidi kilo 750, na pikapu nyingi zimeandikiwa kilo hizohizo 750 kuwa mwisho kwa remorke isiyo na freni. Elewa vizuri: 750 pamoja na chuma cha remorke. Ikiwa remorke tupu ina 400, umebakiwa na 350, mifuko kumi na minne ya unga. Zaidi ya hapo remorke iwe na freni zake. Zile za kusukumwa, ambazo remorke ikiisukuma pikapu mkono unaingia ndani na kuvuta kebo, ni za kudumu ila zina shokamzoba ndani ya mkono. Ikifa, kila ukikanyaga freni unasikia kishindo na remorke inashika kwa kuruka. Ushike mkono wenyewe usukume ndani kwa nguvu: ukiingia bure na kubaki humo, shokamzoba imekwisha. Zile za umeme zinataka kifaa cha kurekebisha ndani ya kabini. Kijaribuni kwenye barabara kavu na tambarare kwa kilomita 40 kwa saa: ongezeni nguvu hadi magurudumu ya remorke yafunge, kisha punguzeni kidogo. Mkibadilisha mzigo, mrekebishe tena. Waya wa kuvuta freni pale remorke inapochomoka ufungwe kwenye chasisi ya pikapu. Ukifungwa kwenye shingo ya bule, bule ikivunjika unakwenda nayo.

Kasi inaongeza kazi ya freni kuliko watu wanavyodhani. Kutoka kilomita 60 hadi 85 kwa saa, kazi ya kusimamisha inakuwa mara mbili.

Mkia ukianza kutikisika, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka kwa mikono miwili, na uache gari lipungue. Usikanyage freni ya pikapu kwa nguvu, usijaribu kuufuata mkia kwa usukani, kwa sababu utachelewa kila mara na utauongezea. Mwenye freni za umeme abonyeze za remorke peke yake. Ukisimama, usiendelee na safari kwa kasi ndogo ukidhani umepona. Fungua mzigo uusogeze mbele.

Limebaki jambo moja la sekunde thelathini. Bule za Ulaya na za Afrika Kusini ni milimita 50. Za Marekani ziko za inchi mbili, yaani 50.8, na za inchi mbili na tano ya kumi na sita, karibu 58.7. Kikombe cha remorke cha ile kubwa kitaikalia bule ya 50, kitafungwa, kitaonekana kizuri, na shimo la kwanza litakitoa. Soma namba iliyogongwa juu ya kikombe na juu ya bule. Kisha, baada ya kufunga, rudi kwenye mguu wa mkono uuzungushe mara kadhaa ili mkono upande. Mkia wa pikapu lazima uinuke pamoja na remorke. Kikombe kikichomoka hapo, kimechomoka mbele ya nyumba yako. Minyororo miwili ivuke chini ya mkono kama herufi X, ili mkono ukianguka uangukie juu yake usichimbe barabara. Baada ya kilomita 50 za kwanza, simameni, kazeni nati za magurudumu, na mguse kitovu cha kila gurudumu la remorke kwa nyuma ya mkono. Joto mnaloweza kulivumilia ni sawa. Kitovu kimoja kikiwa moto kuliko mwenzake, ni beringi imekosa grisi au freni inashika, na msiondoke hapo bila kujua ni lipi.

Remorke iko nje uani, ubao na mizani vimeshapangwa. Tutoke, kila mmoja aje na namba za kibao chake zimeandikwa, tuanze na gari lililo karibu na geti.